Kukaa Japani mwezi au zaidi: namna ya kupata chumba cha bei nafuu

Mtu anayehitaji malazi ya wiki sita Tokyo au Osaka huanza kwa kufungua tovuti ya hoteli, akazidisha bei ya usiku mmoja mara arobaini na mbili, kisha akakata tamaa. Hapo amekosea soko. Malazi ya Japani yana masoko mawili, na mpaka wake ni mwezi mmoja. Ukikaa chini ya mwezi, unahesabiwa mgeni: unalipa kwa usiku, bei inabeba ushuru wa mauzo wa asilimia 10, na miji kadhaa inaongeza ushuru wa malazi juu yake. Ukikaa mwezi au zaidi, mlango wa pili unafunguka: unaweza kupanga chumba kwa mkataba, na pango la nyumba ya kuishi halitozwi ushuru wa mauzo wala ushuru wa malazi.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote, hesabu siku zako. Mwenye siku 25 hadi 29 aulize pia bei ya mwezi mzima. Kulipia siku 30 na kuondoka siku ya 26 mara nyingi kunagharimu kidogo kuliko kulipia usiku 26 wa hoteli.

Ushuru wa malazi usiudharau, hasa Kyoto. Tangu Machi 1, 2026, chumba cha yeni 6,000 hadi 19,999 kwa mtu kwa usiku kinatozwa yeni 400 kwa kila kichwa. Chini ya hapo ni yeni 200. Watu wawili wakilala usiku 28 kwenye chumba cha kundi hilo la kwanza, ushuru peke yake ni yeni 22,400. Mara nyingi haumo kwenye bei ya mtandaoni. Unadaiwa mapokezi ukifika.

Nyumba ya kawaida si yako

Wengine, wakisikia "kupanga", hukimbilia kwa dalali wa mtaani. Wataumia. Mkataba wa kawaida Japani ni wa miaka miwili, na kabla hujapewa ufunguo unalipa amana (shikikin), kisha reikin, ambayo ni kilemba cha mwenye nyumba kisichorudi, kisha ada ya dalali inayoweza kufika pango la mwezi mmoja pamoja na ushuru, kisha ada ya kampuni ya udhamini, na pango la mwezi wa kwanza. Kuingia tu kunaweza kumeza pango la miezi minne au mitano. Na chumba chenyewe kitakuwa kitupu kabisa: hakuna pazia, hakuna jiko, mara nyingi hata taa ya dari hakuna.

Nyumba za UR, shirika la umma linalojulikana kwa kutodai kilemba, ada ya dalali wala mdhamini, zinasifiwa sana na wageni wanaoishi Japani. Ni kweli ni nafuu, ila zinataka mtu mwenye kibali cha ukaazi. Mwenye viza ya matembezi asipoteze muda huko.

Manshon za mwezi

Kinachokufaa ni kile Wajapani wanachokiita mansurī manshon. Neno "manshon" lisikupe ndoto za kasri. Ni jengo la zege lenye vyumba vidogo vya kupanga. Hiki chako kinakuja na kitanda au futoni (godoro la kutandikwa sakafuni), friji, mikrowevu, mashine ya kufulia, mara nyingi na intaneti. Hakuna kilemba, hakuna mdhamini, na unalipa yote mwanzoni.

Mtego uko kwenye bei inayotangazwa. Tangazo huandika pango la siku tu, na mengine yanafuata chini kwa maandishi madogo. Chukua mfano wa chumba kinachotangazwa yeni 3,200 kwa siku, kwa siku 30:

- pango: yeni 96,000
- umeme, maji na gesi, yeni 800 kwa siku: yeni 24,000
- usafi wa kuondoka, mara moja: yeni 27,500
- ada ya mkataba: yeni 5,500

Jumla ni yeni 153,000, yaani 5,100 kwa siku, si 3,200. Chumba hicho hicho kwa siku 60 kinafika yeni 273,000, sawa na 4,550 kwa siku, kwa sababu ada mbili za mwisho hazikuongezeka. Ndiyo maana kulinganisha matangazo kwa bei ya siku ni kujidanganya. Omba jumla kuu kwa tarehe zako kamili, kisha gawanya mwenyewe kwa idadi ya siku. Uliza pia kama ada ya usafi inapanda kwa wanaokaa muda mrefu; kwa baadhi ya kampuni inapanda.

Kuna maswali mengine ambayo yasipoulizwa hugeuka gharama. Matandiko yamo, au yanakodiwa kando? Mtu wa pili anaongezewa kiasi gani, na chumba kinamruhusu kweli? Ukiondoka mapema unarudishiwa kitu? Kampuni nyingi hazirudishi, au hurudisha pango pekee. Ukitaka kuongeza siku, uombe lini? Mkataba wa aina hii huwa wa muda maalumu (teiki), unaokufa tarehe yake ikifika. Kama kuna mtu ameshapangiwa chumba kuanzia kesho yake, utafungasha, hata ukiwa mpangaji mwema namna gani.

Ufunguo nao una kisa chake. Kampuni nyingine hutoa ufunguo ofisini, na ofisi ikifungwa jioni imefungwa. Ndege ikitua usiku, utalipia hoteli usiku huo huku chumba chako kipo wazi. Tafuta chumba chenye kisanduku cha ufunguo au kitasa cha namba. Kumbuka pia kwamba ofisi nyingi za nyumba Japani hufungwa Jumatano, siku ambayo jina lake la Kijapani limebeba maji, na biashara hii haipendi mikataba itiririke na maji.

Nyumba za pamoja

Shea hausu ni chumba chako binafsi, jiko na bafu la wote. Kampuni zinazozoea wageni, kama Sakura House, Oakhouse na Borderless House, zinakubali maombi kwa Kiingereza, na kwa mtu mmoja hii mara nyingi ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote za mwezi. Juu ya pango kuna ada ya huduma za pamoja, ambayo hufika yeni elfu kumi na kitu kwa mwezi, basi ihesabu tangu mwanzo.

Kinachowaponza watu hapa ni taarifa ya kuhama. Nyumba nyingi zinataka uandike barua ya kuondoka mwezi mmoja kabla. Kwa anayekaa wiki tano, maana yake ni kwamba barua hiyo inaandikwa siku chache tu baada ya kuingia. Ukisahau, unalipia siku ambazo hupo. Angalia pia idadi ya watu kwa kila bafu na kila jiko; watu kumi na wawili kwa bafu moja, asubuhi hutaoga kwa amani.

Ukiwa chini ya mwezi

Hoteli za bizinesi kama Toyoko Inn au Super Hotel zinatosha kwa wiki mbili tatu. Chumba ni finyu, mara nyingi mita za mraba 11 hadi 15, lakini kuna mashine za kufulia za kutumbukiza sarafu na mara nyingi kifungua kinywa kimo. Bei huhesabiwa kwa idadi ya watu, si kwa chumba tu, kwa hiyo usiweke mtu mmoja kwenye fomu ukitarajia kumwingiza wa pili. Jumamosi bei huruka. Tafuta mpango wa usiku saba au zaidi kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, au ule wa kutosafishiwa chumba kila siku, ambao hupunguzwa kidogo.

Anayetaka bei ya chini kabisa aangalie Osaka karibu na stesheni ya Shin-Imamiya, wilaya ya Nishinari, na Tokyo mtaa wa San'ya, karibu na Minami-Senju. Ni mitaa ya vibarua wa siku tangu zamani, na nyumba zao za kulala nyingi sasa hupokea wasafiri. Chumba kinaweza kuwa cha mikeka mitatu ya tatami, kama mita tano za mraba, choo na bafu vya pamoja, na bafu huenda likafungwa usiku. Wazee walevi utawakuta barabarani. Usafiri lakini ni mzuri mno: Shin-Imamiya iko kwenye reli ya mzunguko ya Osaka, na treni za uwanja wa ndege wa Kansai husimama hapo.

Hoteli za kapsuli, unakolala ndani ya kijisanduku cha kutosha mtu mmoja, zilizoanzia Osaka mwaka 1979, ni za usiku mmoja mmoja. Nyingi hukutaka utoke na mizigo kila asubuhi hata kama umelipia wiki. Kwa siku nne sawa, kwa arobaini hapana.

Nyumba za watu binafsi (minpaku) zinaongozwa na sheria iliyoanza kutumika Juni 15, 2018, inayoruhusu kupokea wageni siku zisizozidi 180 kwa mwaka, zikihesabiwa kuanzia Aprili 1. Hapa pana faida ambayo wengi hawaioni. Mwenye nyumba aliyemaliza siku zake kabla ya Machi hawezi tena kukupokea kwa usiku mmoja mmoja, ila anaweza kukupangisha kwa mwezi, na majira ya baridi chumba kitupu ni hasara kwake. Kati ya Januari na Februari mwandikie, umwombe bei ya mwezi. Nyumba halali ina namba ya usajili kwenye tangazo, inayoanza na herufi M kwa walio chini ya sheria hii. Anayekutaka utume pesa nje ya jukwaa ulilomkuta, muache.

Mahali na msimu

Tangazo likisema "dakika 10 kwa miguu kutoka stesheni", kipimo ni mita 80 kwa dakika, basi ni mita 800. Taa za barabarani, ngazi na mlima havihesabiwi, na mwenye sanduku la kilo 23 aongeze nusu. Herufi 1R ni chumba kimoja chenye jiko ndani yake. 1K ni chumba chenye jiko lililotengwa kwa mlango, na kwa anayepika kila siku tofauti hiyo inastahili pesa. Mkeka mmoja (jō) ni kama mita za mraba 1.62, hivyo chumba cha mikeka sita kinakaribia mita kumi. Angalia mwaka wa ujenzi pia. Majengo yaliyoidhinishwa kuanzia Juni 1, 1981 yalifuata kanuni mpya, kali zaidi, za tetemeko la ardhi.

Usishikilie katikati ya jiji. Anayefanya shughuli zake Kyoto anaweza kulala Otsu, kama dakika kumi kwa treni ya JR. Tokyo, kuvuka mto hadi Kawaguchi hupunguza pango bila kukutupa mbali. Ukisafiri njia moja kila siku, nunua tiketi ya mwezi (nayo huitwa teiki) ya njia hiyo. Ila treni za mwisho huondoka karibu saa sita usiku na huduma hurudi kama saa kumi na moja alfajiri. Teksi moja ya usiku wa manane inaweza kula akiba ya wiki.

Kipindi kibaya kuliko vyote ni mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili: maua ya sakura yamechanua, wanafunzi na wafanyakazi wapya wanahama, na vyumba vya mwezi vinagombaniwa na wote hao. Epuka pia wiki ya sikukuu kuanzia Aprili 29, katikati ya Agosti, na Novemba kwa Kyoto. Januari baada ya mwaka mpya, Februari ya mwanzo, na Juni ya mvua ni miezi ya kupata punguzo.

Karatasi, kisha chumba

Anayeomba viza huandika ratiba yenye anwani na simu ya anakolala, kwa hiyo mpangilio mzuri ni huu: weka kwanza hoteli inayofutika bila malipo kwa siku zote, omba viza, ikitoka ndipo ulipe manshon au nyumba ya pamoja, kisha ufute hoteli. Kampuni itataka nakala ya pasipoti na mtu wa kumpigia wakati wa dharura; uliza kama lazima awe Japani. Kama wanapokea hawala ya benki tu, tuma mapema, kwani hawala ya kimataifa huchukua siku kadhaa na chumba kwa kawaida hakishikwi bila pesa.

Mwenye kibali cha zaidi ya miezi mitatu hupewa kadi ya ukaazi, na ndani ya siku 14 tangu ahamie mahali pa kuishi anatakiwa kuandikisha anwani manispaa. Baadhi ya nyumba za muda haziruhusu anwani yao kuandikishwa. Uliza kabla ya kulipa. Bila anwani, hata kufungua akaunti ya benki ni shida.

Siku ya kuingia, piga picha kila alama ukutani na kila doa la mkeka kabla hujafungua sanduku. Umeme ni volti 100 kwa plagi ya meno mawili bapa, kwa hiyo jagi la umeme la volti 230 litachukua karibu mara tano ya muda wake kuchemsha maji. Tumia la hapo hapo. Omba ratiba ya taka. Kila aina ina siku yake, kwa kawaida hutolewa asubuhi kabla ya saa mbili. Kyoto taka za kuchomwa zinataka mifuko maalumu ya manjano ya kununua, na Fukuoka hukusanywa usiku. Takataka kubwa, kama kiti ulichonunua, hulipiwa stika na kuagizwa siku yake. Ukikiacha chumbani, kampuni itakukata gharama hiyo na faini juu.