Kufuata ishara ya neva kupitia ganglia za simpathetiki

Kosa linaloharibu michoro mingi ya neva za simpathetiki (zinazoendesha viungo bila hiari, kama mboni ya jicho) ni hili: mwanafunzi akishaingiza uzi wa neva kwenye ganglioni (fundo la seli za neva) ya kwanza, anaweka sinapsi (mahali uzi mmoja hupokeza mwingine ishara) papo hapo. Huenda sinapsi iko mbali na hapo, na kuipata ndiyo kazi yenyewe.

Njia ina nyuzi mbili: wa kwanza hufika kwenye sinapsi, wa pili huanzia hapo. Anzia kwenye uti wa mgongo, kati ya T1 (sehemu ya kwanza ya kifua) na L2 (ya pili ya kiuno). Uzi wa kwanza hutoka kwa mzizi wa mbele na kuingia kwenye mnyororo wa ganglia kupitia tawi jeupe (kiungo kifupi kati ya neva ya uti na mnyororo). Ukiona tawi jeupe limechorwa shingoni, futa, huko hakuna.

Sasa uliza ishara inaelekea wapi. Ikienda kwenye ngozi ya kifua, sinapsi huwa kwenye mnyororo, kisha uzi wa pili hutoka kwa tawi la kijivu. Ya kichwani hupanda kwanza, ya mguuni hushuka. Nyingi za tumboni hupita mnyororo bila kusimama hadi ganglia zilizo mbele ya aota (ateri kuu ya mwili). Ya tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo, hupita zote, kwa sababu seli za kiini cha tezi ndizo zinazoshika nafasi ya neuroni ya pili.

Kwenye sinapsi, uzi wa kwanza humwaga kemikali ya asetilikolini, vipokezi vya nikotini hufunguka, sodiamu huingia na ishara mpya huanza. Mwaka 1889 Langley na Dickinson walipaka nikotini, inayozima sinapsi, kwenye ganglioni ya juu ya shingo ya wanyama. Walipochochea uzi kabla ya ganglioni, mboni haikutanuka. Walipochochea baada yake, ilitanuka. Nyuzi zinazopita tu hazizimwi na nikotini, na hapo ndipo uzuri wa jaribio hili ulipo: linatenganisha uzi unaosimama na uzi unaopita.

Hospitalini mantiki ni ileile. Njia ya mboni hutoka karibu na T1, hupita juu ya ncha ya pafu, hufanya sinapsi kwenye ganglioni ya juu ya shingo, kisha hupanda na ateri ya karotidi ya shingoni. Ikikatika, mboni hubaki ndogo na kope hulegea milimita 1 hadi 2. Zima taa: mboni hiyo huchelewa kutanuka, kwa hiyo linganisha macho baada ya sekunde 5, kisha 15.

Matone ya hidroksiamfetamini ya asilimia 1 husukuma noradrenalini, kemikali inayotanua mboni, kutoka kwenye uzi wa pili. Mboni ikitanuka, uzi huo ni mzima na hitilafu iko kabla ya ganglioni. Isipotanuka, uzi wa pili ndio ulioharibika. Usiyatumie siku ileile ya kipimo cha matone ya kokaini machoni, maana kokaini huziba mlango ambao dawa hii huingilia. Jeraha la siku chache nalo hudanganya: uzi uliokatika huwa bado una akiba ya noradrenalini.

Dalili hizi za mboni na kope zikija ghafla pamoja na maumivu ya shingo, acha matone. Ukuta wa karotidi huenda umechanika. Mgonjwa apigwe picha ya mishipa ya shingo na kichwa siku hiyohiyo.