Waranti ya ziada: lini ukubali kutengenezewa, lini udai kipya

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani. Kazi nyingine huletwa na kampuni za waranti, nyingine huletwa na watu ambao waranti zao zimewaangusha. Swali la pande zote mbili ni moja: kifaa kimeharibika, waranti ya ziada, ile unayoilipia mwenyewe, bado ipo, kitengenezwe au kitolewe kingine? Wengi hushika msimamo kabla hawajajua ni nini kilichokufa ndani ya kifaa. Anza na hilo.

Chukua televisheni inayotoa sauti bila picha. Zima taa za chumba, iwashe, kisha mulika kioo kwa tochi, ukiisogeza karibu na kuilaza kidogo. Ukiona kivuli cha picha kinatembea kule ndani, paneli, yaani kioo chenyewe kinachotengeneza picha, ni nzima. Zilizokufa ni taa za nyuma, zile fito za LED zinazoimulika paneli, au saketi inayozipa umeme. Hapo kubali matengenezo, lakini sisitiza fito zote zibadilishwe, si ile moja iliyoungua. Zote zimekaa kwenye joto lile lile kwa muda ule ule, na iliyobaki leo itakurudisha kwa fundi baadaye. Kama televisheni haiwaki kabisa, mara nyingi ni bodi ya umeme: unaifungua unakuta kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, moja au mbili zimevimba kichwani kama kopo la chakula kilichoharibika. Kubadilisha kifaa kizima kwa ajili ya kapasita ni kupoteza kitu kizuri. Lakini fundi akithibitisha kuwa paneli yenyewe imekufa, dai nyingine bila kusita. Paneli ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na gharama yake mara nyingi hukaribia ya televisheni nzima. (Paneli iliyopasuka ni habari nyingine. Waranti nyingi huita hiyo ajali na hazilipi.)

Friji ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu ndiko watu wanakozungushwa. Mama mmoja aliniletea yake ikiwa imeshajazwa gesi mara nne chini ya waranti. Kila mara inagandisha vizuri wiki tatu, kisha maziwa yanaanza kuchacha. Karatasi za mafundi wote wanne zilikuwa na maneno yale yale: "gesi imeisha, imejazwa." Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua imevuja. Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya nyuma, hakuna kiputo. Nikatenganisha mabomba, nikajaza gesi ya naitrojeni kila upande peke yake, nikaacha geji ya kupima mgandamizo usiku kucha. Upande wa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, sindano ya geji haikusogea. Upande wa baridi ilikuwa imeshuka. Bomba lilikuwa limetoboka ndani ya ukuta wa friji, limefukiwa kwenye povu gumu ambalo hakuna mkono unaofika. Friji hiyo ilistahili kubadilishwa tangu fundi wa pili alipokuja. Nikamwandikia maelezo ya kipimo kile, tarehe na saa, akaenda nayo kwenye kampuni, wakampa nyingine.

Kwa hiyo, fundi wa waranti akikuambia amejaza gesi, muulize: ilivujia wapi? Andika jibu lake. Akirudi kujaza tena kwa tatizo lile lile, acha kuomba fundi, anza kuomba friji. Kompresa iliyokufa, kwa upande mwingine, inabadilishika, mradi kichujio cha gesi kibadilishwe pamoja nayo, mabomba yavutwe hewa yote, na gesi ipimwe kwa mizani. Friji nyingi za siku hizi hutumia R600a, gesi inayoshika moto, na hujazwa kwa makumi tu ya gramu. Anayejaza kwa kukisia anakuachia friji mbovu.

Mashine ya kufulia inayonguruma ikikausha, kwa kawaida beringi zimekwisha. Uliza kama pipa lake linafunguka. Mengine yameunganishwa moja kwa moja kiwandani, kwa hiyo beringi haziguswi bila kubadilisha pipa lote.

Sasa upande ambao watu hawauoni: kupewa kipya kunaweza kukugharimu. Katika mikataba mingi, siku unayopewa kifaa kingine ndiyo siku waranti yako inakufa, hata kama ulilipia miaka mitatu na umetumia mmoja. Mteja wangu alifurahi kubadilishiwa televisheni yenye kosa la taa za nyuma tu. Mpya ikaharibika baadaye, akarudi na mkataba wake, akaambiwa umeshatimizwa. Angekubali kutengenezewa, miaka miwili ingekuwa bado mikononi mwake. Kabla hujakubali, uliza kwa maandishi: hiki kipya kinabeba waranti ya nani, na kwa muda gani? Uliza pia kama ni kipya kweli au ni kilichorudishwa na mtu mwingine kikafufuliwa. Neno "kinacholingana" kwenye mkataba halisemi hilo.

Ukiwa bado hujanunua waranti, una nguvu zaidi. Soma nani anaamua kati ya kutengeneza na kubadilisha. Karibu kila mara ni kampuni. Tafuta kifungu kinachosema kosa lile lile likirudi mara kadhaa, mara nyingi tatu, wanabadilisha. Kama hakipo, mimi singelipa. Angalia wana siku ngapi za kumaliza kazi, na kama malipo yanafuata bei uliyonunulia au thamani ya kifaa siku kilipoharibika. Kifungu cha umeme kuzidi au kukatika ghafla kisome mara mbili, kwa sababu ndicho kinachotumika kukataa bodi nyingi zilizoungua.

Na matengenezo yenyewe yawe na dhamana. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba mnunuzi akichagua kutengenezewa ndani ya dhamana ya kisheria ya muuzaji, dhamana hiyo inaongezwa miezi 12. Waranti ya kulipia ni kitu tofauti, lakini wazo ni zuri na hakuna anayekuzuia kuliomba. Ninalitaka sana lienee. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika robo. Ndani yake nadhani zimo bodi nyingi kama ninazozifungua mimi, zimekufa kwa kitu kidogo kama punje ya haragwe.

Kifaa kikiharibika, kirekodi kwa video kabla hujakizima, piga picha namba yake ya nyuma, na kama ni kompyuta, nakili kazi zako mahali pengine kwanza, kwa sababu kikibadilishwa hutakiona tena. Fundi akimaliza, mwambie akuonyeshe spea aliyoitoa. Linganisha ile namba ya nyuma na picha yako. Kisha kiache kiwake nusu saa akiwa bado yupo, ndipo usaini karatasi yake.