Namna ya kuisoma taarifa ya serikali inayopigana na watu wake, kabla hujaipeleka hewani

Wiki iliyopita binti wa dada yangu, anayesoma habari kwenye redio moja ya jamii hapa Moshi, alinijia jioni na simu mkononi. "Shikamoo mama mdogo. Hii niisomeje kesho?" Ilikuwa taarifa ya jeshi la nchi jirani, ya Kifaransa, ambayo alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Nimetafsiri habari na nyaraka Arusha kwa miaka mingi, nikajua hatumalizi kabla ya saa nne usiku. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Rudi kwenye maneno ya asili

Achana na tafsiri ya programu. Programu inalainisha kila kitu, na sisi tunatafuta penye mikwaruzo. Kama ni matangazo ya redio, yarekodi na uyasikilize mara mbili kabla ya kuandika.

Hatua ya 2: Chapa kwenye karatasi

Acha nafasi kubwa kati ya mistari. Chukua penseli nyekundu, penseli ya bluu na kaunta buku. Kwenye simu jicho huteleza, na kwa kazi hii sikubali simu hata kidogo.

Hatua ya 3: Zungushia majina kwa bluu

Kila jina wanaloitwa wapinzani, na kila jina wanaloitwa raia wa upande ule, lizungushie. Waasi, magaidi, majambazi, wahalifu, vibaraka: haya si visawe. Mwasi ana dai la kisiasa, hata kama dai lenyewe hulipendi. Jambazi hana dai, na mtu hakai mezani kuzungumza na jambazi. Serikali ya chama cha Frelimo kule Msumbiji iliwaita waasi wa Renamo "bandidos armados", yaani majambazi wenye silaha, kwa miaka mingi. Tarehe 4 Oktoba 1992 ikatia saini nao mkataba wa amani mjini Roma. Kwa hiyo andika kikundi kwa jina lake, na hilo jina la kubandikwa liachie serikali: "ambao serikali inawaita magaidi."

Sisi tuna jambo la ziada la kuangalia, nalo ni ngeli. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani aliyeshtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilitolewa na mahakama ya kimataifa mjini Arusha Septemba 1998, nayo ililazimika kueleza maana ya maneno ya Kinyarwanda waliyobandikwa Watutsi na waliodhaniwa kuwaunga mkono, kama inyenzi na icyitso. Inyenzi ni mende. Icyitso, kwa wingi ibyitso, ni msaidizi wa adui, na kiko kwenye ngeli ileile ya kibaraka na vibaraka. Si kila ki- ni tusi, maana tuna kijana na kiongozi. Lakini sikiliza upatanisho. Anayesema "vibaraka hawa" bado anaongea juu ya watu. Anayesema "vibaraka hivi" ameshawatoa kwenye watu, na hilo andika kwenye kaunta buku pamoja na tarehe.

Hatua ya 4: Vitenzi, kwa nyekundu

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza usiku mzima, kwa hiyo nivumilie.

Miaka ya nyuma nilipewa taarifa ya jeshi yenye neno la Kifaransa "neutralisés", yaani waliofanywa wasiweze kudhuru. Nikaandika "wamedhibitiwa", nikaona nimepatia. Mhariri wangu akanirudishia: "Wako jela au wako kaburini?" Sikuwa na jibu. Nilipekua taarifa za nyuma za jeshi lilelile mpaka alfajiri, nikakuta neno hilo mahali likiwa na maana ya kuuawa, na mahali pengine likiwajumlisha waliojeruhiwa na waliokamatwa. Tangu siku hiyo silichagulii maana. Nalieleza: "jeshi limetumia neno ambalo halisemi kama wameuawa au wamekamatwa."

Tuchukue mfano, huu nimeutunga mwenyewe:

"Wanajeshi wetu shupavu wamekikomboa kijiji. Magaidi 14 wamedhibitiwa. Kwa bahati mbaya nyumba kadhaa ziliteketea na raia wachache kupoteza maisha."

Pigia mstari kila kitenzi, kisha uliza: nani kafanya? Kukomboa kuna mtenda, wanajeshi. Kudhibitiwa kuna -wa ya kutendwa, lakini "na nani" haipo. Kuteketea ni kibaya zaidi, kwa sababu hakina hata nafasi ya mtenda. Nyumba zimeteketezwa na mtu, lakini "zimeteketea" ni kama zimejiwashia moto zenyewe. Na "kupoteza maisha" nalichukia kuliko yote: ni kama raia walidondosha uhai wao njiani, mfano wa mtu anayepoteza funguo sokoni Mbuyuni.

Chora safu mbili kwenye kaunta buku: vitenzi vyenye mtenda, na visivyo na mtenda. Mara nyingi mema yote yatakuwa na mwenyewe, na vifo vitakuwa yatima.

Lakini tahadhari. Kiswahili kinapenda kauli ya kutendwa, si kila -wa ni ya kuficha. Tena, usimjaze mtenda kwa kubahatisha. Kama taarifa haikusema nani kachoma, wewe nawe hujui. Sema kwamba haikusema. Na usidhani kitenzi kizuri ni salama. Tarehe 19 Aprili 1994 rais wa muda wa Rwanda, Théodore Sindikubwabo, alihutubia mjini Butare, kusini mwa nchi, mauaji ya kimbari yakiendelea, na Radio Rwanda ikairusha hotuba yake. Aliwahimiza watu kufanya kazi, akawakemea wanaojiona jambo haliwahusu. Gukora, kufanya kazi. Katika majira yale wasikilizaji waliielewa "kazi" hiyo kuwa ni kuua Watutsi, na mauaji ya Butare yakashika kasi. (Watu huchanganya hapa: RTLM, redio nyingine iliyochochea mauaji hayo, iliyoanza kurusha Julai 1993, ilikuwa kampuni binafsi. Radio Rwanda ndiyo iliyokuwa ya serikali.) Kitenzi kama hicho ukikitafsiri neno kwa neno tu, umetafsiri nusu. Ongeza sentensi ya kueleza.

Hatua ya 5: Hesabu

Andika waliotajwa kufa kila upande. Ambapo upande mmoja hauna hata maiti, sema hivyo. Serikali ya Sri Lanka mwaka 2009 iliita mapigano ya mwisho na waasi wa Tamil Tigers operesheni ya kuokoa raia. Jopo la wataalamu la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2011 lilitaja makadirio ya hadi raia 40,000 waliokufa.

Hatua ya 6: Vita vinaitwaje?

Operesheni, oparesheni safisha, kurejesha utulivu. Ethiopia, Novemba 2020, iliita vita vya jimbo lake la Tigray operesheni ya kusimamia sheria. Ufaransa ilipigana Algeria kuanzia 1954 hadi 1962, na sheria ya kuviita vita ikapatikana Oktoba 1999. Wewe ukiona mizinga na wakimbizi, andika vita.

Hatua ya 7: Isome kwa sauti

Ule mfano wangu wa hatua ya 4, binti yangu angeusoma hivi kwenye taarifa ya saa moja asubuhi: "Jeshi linasema limekitwaa kijiji. Linasema wapiganaji kumi na wanne wamedhibitiwa, bila kueleza kama wameuawa au wamekamatwa. Limekiri kwamba raia wamekufa na nyumba zimeungua. Halikusema idadi yao, wala nani aliyezichoma." Baada ya "nani aliyezichoma" nilimwambia anyamaze kidogo, ahesabu moja, mbili, ndipo aende kwenye bei ya kahawa.