Jinsi ya kumpata fundi wa kupaua ambaye hatakukimbia mvua ikianza

Mi ni fundi wa kupaua, kazi zangu nyingi ziko pembezoni mwa Dar, Kigamboni huko, Mbezi, mpaka Kibaha, na simu ninazopigiwa kipindi cha masika nyingi sio za nyumba mpya, ni "fundi njoo uangalie, paa linavuja na yule aliyepaua hapatikani". Ukimuuliza mwenye nyumba huyo fundi alimpataje, jibu ni lile lile, aliletwa na mtu, bei yake ilikuwa chini, na alikuwa na picha nzuri kwenye simu. Jamani picha, hata mi naweza kukuonyesha paa la hoteli nikakwambia nimepaua mwenyewe. Naandika hivi kama vile ningemwelekeza mdogo wangu kabla hajatoa hata shilingi, mafundi wenzangu mtanisamehe.

Hatua ya 1: Tafuta fundi kiangazi

Mwezi wa 7 mpaka wa 9 fundi mzuri ana muda wa kuongea na wewe, kukutembeza, hata kukupunguzia bei kidogo. Ukisubiri mwezi wa 2 mwishoni, masika inabisha hodi, kila mtu anataka kufunika nyumba yake, wazuri wote wapo juu ya mapaa ya watu, na yule anayekwambia "bosi hata kesho asubuhi naanza" inabidi ujiulize kwa nini yeye peke yake hana kazi.

Hatua ya 2: Nenda ukaone mapaa yake, tena yaliyokwishanyeshewa

Hapa usifanye haraka. Mwambie akupeleke kwenye nyumba mbili tatu alizopaua, na angalau moja iwe na miaka miwili kwenda mbele, maana paa la wiki iliyopita kila mtu analo zuri. Akianza longolongo, mara mwenye nyumba kasafiri mara kuna mbwa, we mshukuru tu na uendelee na mwingine.

Ukifika usianze kuangalia rangi. Simama mbali, angalia mstari wa kofia kule juu (bati linalofunika mgongo wa paa) na fishaboda chini (ubao unaozunguka ukingo wa paa), kama vimenyooka au vina mawimbi, mawimbi maana yake kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) hazikupigwa kamba au mbao zilikuwa mbichi zikajikunja. Angalia skrubu kama zimekaa kwenye mstari mmoja, zikiwa zimetawanyika ujue jamaa alikuwa anapapasa papi (mbao zinazopigiliwa bati) ziko wapi, na zile alizokosa zimeacha tundu. Halafu tazama ncha za bati pale chini, zikiwa na kutu wakati bati lenyewe bado jipya, hapo alikata kwa grainda, maana zile cheche zinaunguza rangi na madini yanayolinda bati, na chenga zikibaki juu zinaanza kutu zenyewe.

Kisha omba uingie darini. Nenda mchana jua likiwa kali, zima tochi, kaa dakika mbili macho yazoee, ukiona vinyota vya mwanga hayo ndio matundu. Washa tochi uangalie mbao zilizo karibu na vale, yaani pale mapaa mawili yanapokutana, pamoja na sehemu bati linapogusa ukuta, madoa ya maji yanajaa huko. Ukimaliza mtafute mama mwenye nyumba umuulize fundi akiwa hayupo karibu, swali moja tu: mvua ilipovuja ulimpigia, akaja? Kuvuja kidogo mara ya kwanza kunatokea hata kwa fundi mzuri, mi sikudanganyi. Unachotafuta ni kama alirudi.

Nyie mliopo Muscat au London mnajenga kwa kumtumia ndugu hela, mwambieni apige simu ya video akiwa ndani ya dari, sio barazani.

Hatua ya 3: Karatasi zake

Hapa watu wanachanganywa sana. Mtu anakutolea cheti cha BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) na TIN (namba ya mlipakodi) unaona umepata kampuni kubwa, kumbe BRELA inasajili jina la biashara au kampuni tu, haijampima mtu kama anajua kupiga kenchi. Kama anajiita kampuni ya ujenzi muombe namba yake ya CRB, yaani Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997, wakandarasi wa majengo wamepangwa madaraja kuanzia la 1 mpaka la 7 na la 7 ndio wadogo, unaipeleka namba kwenye bodi wakuangalizie kama iko hai. Fundi wa mtaani hutamkuta huko na sio kosa, yeye muulize kama ana cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), siku hizi hata aliyejifunzia saiti VETA wanampima na kumpa cheti. Mi nawajua wenye vyeti wanaoharibu na wasio navyo ambao kazi yao ni safi kabisa, kwa hiyo cheti kisikufanye uruke hatua ya 2. Ila kitambulisho cha NIDA na anapoishi, hivyo ni lazima.

Hatua ya 4: Mpeleke kiwanjani umuulize

Maswali yangu ni haya, na we sikiliza anavyojibu hata kama hujui ufundi.

Utaanza kuezeka upande gani? Anatakiwa aangalie kwanza upepo wa mvua unatokea wapi pale kwako, aanzie upande wa pili, ili mdomo wa kila lalio (pale bati linapolalia jingine) uupe upepo mgongo. Akisema popote tu, mh.

Bati utakatia nini? Mkasi wa bati, au agizo la kiwandani likatwe kwa urefu kamili.

Bati kwa bati kwa urefu yatalaliana kiasi gani? Chini ya inchi 6 usikubali, na paa likiwa limelala sana inatakiwa zaidi. Na kama nyumba yako ni zile za paa la kuficha (lililozungushiwa ukuta lisionekane) zinazopendwa siku hizi, muulize gata la ndani likiziba majani maji yatatokea wapi. Asipokuwa na jibu utayaona sebuleni.

Muulize pia vijana wake wakiwa juu wanajifunga na nini, na mtu akianguka nani anabeba gharama. Swali gumu lakini liulizwe mapema.

Hatua ya 5: Vifaa nunua mwenyewe

Fundi akupe orodha, mbao ngapi za 2x4, za 2x3, za 2x2, misumari kilo ngapi, bati ngapi za urefu gani. Halafu mtafute mtu mwingine apime upya, baadhi ya viwanda vya bati vina watu wao wanakuja kupima bila hela. Orodha mbili zikipishana bati moja mbili sawa, zikipishana sana kaeni mezani wote.

Afu nenda hadiweya peke yako kwanza ujue bei. Ukienda na fundi, cha juu chake mara nyingi kipo ndani, siwalaumu sana maana ndio mfumo ulivyo, lakini ulipe ukijua. Kwenye bati kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na kuna wanaokuuzia 30 kwa bei ya 28, kwa hiyo soma maandishi yaliyopigwa kwenye bati na ukiweza pima kwa maikromita. Mbao za dawa kata moja katikati, kama ukijani uko juu juu tu kama rangi ya kucha, hiyo imepakwa. Na beba futi kamba, kuna 2x4 ambazo zimekonda.

Hatua ya 6: Andikishaneni

Ukurasa mmoja unatosha, kazi ni nini, bei ya ufundi, siku za kumaliza, nani ananunua nini, mashahidi wawili, mkagonge muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Malipo gawa mafungu: kidogo cha kuanzia ili vijana wale na vifaa vifike, fungu la pili kenchi zikisimama zote, la tatu bati likiisha, na la mwisho libaki kwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Hilo la mwisho ndio linamrudisha fundi, so lisiwe dogo mpaka aone bora alisamehe. Akitaka nusu kabla hajaleta hata nyundo, hapana. Na lipa kwa simu au benki, keshi haina kumbukumbu.

Hatua ya 7: Pima kabla dari halijafungwa

Usiruhusu mtu wa jipsamu aanze kabla paa halijamwagiwa maji. Chukua mpira wa bustani, anza kumwagia chini kwenye ncha za bati unapanda taratibu kuelekea kwenye kofia, mtu mwingine akiwa ndani na tochi, ukianzia juu maji yatatiririka kote hutajua yameingilia wapi. Palipovuja weka alama kwa chaki, piga picha, mtumie fundi.

Na ikitokea limevuja baada ya mvua halisi, usimwite fundi mwingine aje apake silikoni, hata kama ni bure na ni shemeji yako, maana wa kwanza akifika atakwambia paa limeshaguswa na mtu mwingine, na hapo hata mwenyekiti wa mtaa hatakusaidia. Mpigie mwenye kazi, mtumie picha, mpe siku saba. Zikipita bila yeye kuja, lile fungu la mwisho ndio utamlipia fundi wa kurekebisha.