Umeongeza RAM kwenye seva na haioni zote? Anzia hapa

Umefungua seva, umechomeka RAM mpya, umefunga, umewasha, mafeni yamepiga kelele zake kama kawaida, afu ukicheki unakuta GB zilezile za jana. Au imeongezeka kidogo tu, sio zote. Wengi hapo hapo wanasema RAM mbovu na wanairudisha kwa aliyewauzia, ila mi nilichoona ni kwamba mara nyingi RAM haina kosa, shida ipo kwenye sloti ulizochagua au aina uliyonunua. Kwa hiyo usifungue kitu tena kwanza, chukua karatasi upige hesabu.

Hesabu yenyewe ni moja tu: zimepotea ngapi? Ikipotea nusu kamili, mfano umeweka 128 inaonesha 64, waza sloti za prosesa ya pili au waza mirroring imewashwa kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayoiamsha seva (mirroring inaandika kila kitu mara mbili kwa usalama, na malipo yake ni nusu ya memori). Ikipotea sawasawa na RAM moja, basi ni ile RAM, au sloti yake, au ni njia nzima ya kwenda kwa prosesa, tutarudi huko. Ikipotea GB 2 au 3 tu kwenye seva ya 128, yaani free -h (amri ya Linux ya kucheki memori) inakuonesha 125, hapo hamna tatizo ndugu yangu, kernel (kiini cha mfumo endeshi) na vifaa vingine vimechukua chao. Funga, kanywe chai.

Swali linalofuata ni nani hasa haioni, BIOS au mfumo endeshi, maana watu wanahangaika na bisibisi kumbe ishu ipo kwenye Windows. Kwenye Linux piga sudo dmidecode -t memory, itakuletea sloti moja moja na jina lake, yenye kitu itakuandikia ukubwa na isiyo na kitu itakuandikia No Module Installed. Kama sloti uliyoijaza kwa mkono wako mwenyewe inasema haina kitu, shida iko chini, kwenye chuma. Kama zote zipo ila free -h inakataa, angalia cat /proc/cmdline kuna mtu aliwahi kuweka mem= (kikomo cha memori) akasahau? Kwa upande wa Windows ingia msconfig, kwenye Boot, Advanced options, uone kama Maximum memory imewekewa tiki. Na kama bado unakimbiza Windows Server 2008 R2 Standard, hiyo mwisho wake ni GB 32, hata ukimwagia RAM za dunia nzima haitavuka hapo, na mfumo wa biti 32 wa kawaida wenyewe unaishia kwenye 4.

Sasa tuje kwenye sloti, hapa ndo penye mambo. Kwenye seva kila prosesa ina sloti zake, hazichangii. Kama bodi ina soketi mbili za prosesa na umefunga moja tu, sloti za upande wa pili ni mapambo, hazina pa kupeleka data, na nshawahi kupoteza nusu siku nzima kwa hili, RAM nne mpya nimezipanga vizuri kabisa upande usio na prosesa afu nimekaa nasoma forum za watu. Fungua mfuniko wa seva uugeuze, seva nyingi zimebandikwa mchoro wa sloti kwa ndani na mpangilio wa ipi ijazwe kwanza, A1, B1 na kuendelea. Fuata huo mchoro, usifuate jicho. Usijaze tu kuanzia kushoto kwenda kulia kwa sababu inapendeza, mpangilio unaenda kwa chaneli (njia za RAM kwenda kwa prosesa) sio kwa foleni, na kama prosesa ziko mbili zigawie sawa.

Pili soma lebo. Wengi wananunua kwa kuangalia "DDR4 16GB" basi, wakati herufi ya muhimu ipo mbele zaidi. Chukua lebo kama hii: 16GB 2Rx4 PC4-2400T-R. PC4 ni DDR4, 2400 ni spidi, na hiyo R ya mwisho ndo inakwambia ni RDIMM, aina ya RAM ya seva. Ungekuta L ni LRDIMM, aina nyingine ya seva, ungekuta U ni ya kompyuta ya kawaida isiyo na ECC (uwezo wa kusahihisha makosa ya memori), ungekuta E ni ya kawaida yenye ECC. R na L na U hazikai nyumba moja, ukichanganya mara nyingi seva haiwaki kabisa au inalalamika kwenye skrini inapowaka. Na sio kila seva inakula R, zile ndogo za prosesa ya Intel Xeon E3 zinataka U au E tu, ukiweka R haitapanda hata ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani. Spidi tofauti haina neno kubwa, zote zitashuka kwenda kwa ile ya taratibu.

Hiyo 2R nayo isikupite, ni idadi ya ranki, yaani makundi ya chipu kwenye RAM moja. Seva za DDR3 nyingi chaneli moja inabeba ranki 8 tu, kwa hiyo RAM za 4R zinaingia mbili, ya tatu kwenye chaneli hiyo inabaki imechomekwa bure.

Kama lebo ziko sawa na sloti ziko sawa, apdeti BIOS, hasa kama seva ni ya zamani na RAM ni kubwa kuliko zilizokuwepo ilipotoka. Rudisha RAM za zamani kwanza ndo uapdeti, usiapdeti mashine inayoyumba. Pia angalia logi za usimamizi, iDRAC (seva za Dell) au iLO (za HP) au amri ya ipmitool sel list, mara nyingi imeshakuandikia sloti gani imegoma na we hujasoma. Kuna seva nyingine zikiona kosa mara moja zinaizima ile sloti na inabaki imezimwa mpaka uingie kwenye BIOS uiwashe mwenyewe, hata ukiweka RAM nzima.

Bado? Sasa ndo uzijaribu RAM moja moja. Zima, chomoa nyaya ZOTE za umeme (seva nyingi zina pawa sapulai mbili, ukichomoa moja bado ina umeme), subiri dakika moja, shika chuma cha kesi kabla hujagusa kitu. Toa RAM, irudishe kwa kusukuma ncha zote mbili mpaka visikio vijifunge vyenyewe, unasikia tik, tik. Ukisikia tik moja haijaingia. Afu ihamishe: RAM inayoshukiwa iweke kwenye sloti inayofanya kazi. Tatizo likiifuata, RAM ni mbovu kweli. Likibaki kwenye sloti, sio RAM.

Na likibaki kwenye sloti usikimbilie kununua bodi. Kuna seva nilishika ina RAM nne za 16, kila chaneli moja, inaonesha 48. Nimezungusha RAM zote, sloti ni ileile. Nikakumbuka kwamba siku ya kuongeza RAM mtu alibadilisha na pasta ya prosesa. Nikatoa hitisinki (chuma cha kupoza prosesa), nikanyanyua prosesa, pini za soketi nimezimulika na tochi ya simu kwa upande, zote zimesimama sawa, nikairudisha na nikakaza skrubu kwa kuvuka, huku kidogo na kule kidogo, sio moja mpaka mwisho ndo niende nyingine. Ikawaka na 64. Prosesa ilikuwa imekandamizwa upande mmoja tu, pini za chaneli moja hazigusi vizuri. Nikaiachia memtest86+ (programu ya kupima RAM) usiku kucha, asubuhi haina kosa hata moja, nikafunga mfuniko.