Utabiri wa mvua hautoshi, tazama na mwezi

Ninashona madera Mshomoroni, upande wa chini, karibu na mkono wa bahari. Mvua za Novemba 2023 zilinikuta nimeziba mlango wa mbele kwa magunia, maji yakaingia kwa nyuma. Majora mawili ya kitambaa yakaoza. Tangu siku hiyo sitegemei utabiri peke yake.

Siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi kumi na nne, bahari huwa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Hapa Mombasa maji ya bamvua hujaa alasiri na alfajiri. Mvua kubwa ikianguka saa hizo, mtaro hauna pa kumwaga, maji hurudi mlangoni kwako. Wavuvi wanalijua hili tangu utotoni. Sisi wa nyumbani ndio tunaoshtukizwa. Basi kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani si ya Ramadhani tu. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, na wakati wa vuli, zungushia duara siku hizo.

Mtaro tunauzibua mwishoni mwa Februari na tena Septemba, majirani sita kwa majembe. Taka usiziache ukingoni. Mwaka wa kwanza tuliziacha, na mvua ya kwanza ikazirudisha zote ndani, tukatazamana kwa aibu. Magunia ya mchanga yajaze nusu tu ili yalale vizuri, uyapange kama matofali, na mlango wa nyuma usiusahau kama mimi. Cherehani yangu sasa iko juu ya matofali manne.

Maji ya kunywa ndiyo watu hupuuza. Mafuriko yakipita, kisima huwa kimechanganyika na vyoo vya shimo, na kipindupindu hakichelewi. Jaza madumu mawili matatu ya lita 20 kabla ya mvua, uyafunike. Yakiisha, ya kisima yachemshe hata kama yanang'aa. Weka na tende na biskuti, kwa sababu jiko la makaa halikokwi ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unaua kimyakimya.

Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na dawa za presha za mama nimevitia kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya begi linaloning'inia nyuma ya mlango. Humo mna tochi, simu ndogo ya kabambe yenye chaji, na noti ndogondogo, maana mtandao ukipotea M-Pesa haikununulii hata mkate.

Meini swichi izime maji yakiwa bado nje. Yakishafika kwenye soketi, usiiguse wala usikanyage humo. Toka. Ukiwa nje, usivuke maji yanayokimbia, hata ya magotini, kwani mtaro ulio wazi chini yake huuoni. Piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu ni 1199.

Sisi tumekubaliana kukutana msikitini, kule juu. Bibi wa nyumba ya pili hana simu na hasikii vizuri, kwa hiyo kitanda chake tumekisogeza dirishani. Nikigonga mara tatu, anatoka bila kuuliza, hata akiwa na kanga ya kulalia.