Jinsi ya kuendesha seti ya filamu bila watu kusubiriana: kwa wanaoanza kazi ya asistenti dairekta

Seti zetu nyingi muda haupotei kwenye kushuti, unapotea kwenye kusubiriana. Mwigizaji yuko tayari, taa bado. Taa tayari, mtu wa sauti anasema friji inanguruma, friji ikizimwa dada wa mavazi anagundua shati linalotakiwa ni lile la juzi na liko kwenye begi lililobaki Tabata. Hapo kila mtu kafanya kazi yake vizuri tu, ila hakuna aliyekuwa anawaunganisha. Anayewaunganisha ndo asistenti dairekta wa kwanza, AD, na kwenye kazi nyingi hapa Dar bado anaonekana ni mtu wa kupaza sauti "kimya!" basi, au kazi yake anarundikiwa prodyuza ambaye muda huohuo anafuatilia chakula na anaongea na mjumbe. Kama una hela ya kuongeza mtu mmoja kwenye kruu, muongeze huyu kabla hujafikiria kukodi lenzi nyingine.

Naongelea timu ya kawaida ya huku kwetu, watu kama 15 mpaka 30, nyumba ya kukodi, jenereta moja, gari mbili tatu.

Kazi inaanza kwenye skripti. Ivunje sini kwa sini, yaani tukio kwa tukio: ndani au nje, mchana au usiku, waigizaji gani, ekstra wangapi, nguo, propsi (vitu vya kuigizia), gari, damu, mtoto, mnyama. Urefu hesabu kwa nane, yaani ukurasa mmoja unagawa vipande 8, sini ya nusu ukurasa ni 4/8, na kwa makadirio ukurasa mmoja unatoa dakika moja ya filamu. Ila urefu usikudanganye. "Wanapigana sokoni, meza zinapinduka" ni mstari mmoja tu, 1/8 ya ukurasa, na inakula siku nzima.

Halafu kuna kitu wengi wanakiruka nacho ni siku za hadithi. Kila sini ipe siku yake ndani ya hadithi, kwamba sini 1 mpaka 6 ni siku ya kwanza, 7 mpaka 11 ni siku ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho, na mavazi, mekapu, propsi na kontiniuti (anayeangalia sini zisipingane) wote watumie namba hizo hizo. Kwa sababu mnashuti sini ya 31 asubuhi na ya 12 mchana, na kidonda cha usoni kwenye 31 kimeshapona, kwenye 12 hakijatokea kabisa, kama kila idara inakisia yenyewe basi mtakutana na hilo tatizo kwa editor na hapo hakuna dawa.

Ratiba panga kwa lokesheni kwanza, kisha kwa siku ambazo mwigizaji wako mkubwa yupo, kisha mchana na usiku. Kuhama lokesheni katikati ya siku ni gharama kuliko watu wanavyodhani, kufungasha, foleni, kufungua tena, kutoka Mbezi kwenda Kigamboni unaweza ukazika nusu siku. Sini zote za Kigamboni zikae pamoja hata kama kwenye hadithi zimetawanyika. Sini nzito ya kulia au ya mapenzi usiiweke siku ya kwanza, waigizaji hawajazoeana na kruu haijazoeana. Na siku za nje kuanzia Machi mpaka Mei, masika, lazima kila siku iwe na sini ya ndani ya akiba ambayo waigizaji wake mnao hapohapo, mvua ikishuka mnaingia ndani mnaendelea.

Vibali ni mapema: Bodi ya Filamu kwa kibali cha kushuti, drone ni mamlaka ya usafiri wa anga TCAA, halafu serikali ya mtaa, tena huko nenda mwenyewe, msalimie mwenyekiti, mweleze mtakuwepo siku gani na mtafunga njia ipi. Mwenyekiti aliyesalimiwa vizuri ndo atakayemwambia kijana wa spika apunguze mziki.

Kwenda kukagua lokesheni msiende dairekta na kameramani peke yao. Mchukue gafa, yaani mkuu wa taa, mchukue mtu wa sauti, mchukue mtu wa seti na propsi, na mwende saa ileile mtakayoshuti. Nyumba nzuri ya Vingunguti saa nne asubuhi imetulia, mkija kushuti jioni ndege zinapita juu ya bati. Mtu wa sauti asimame kila chumba dakika kumi hafanyi chochote, asikilize tu. Kunguru wa Dar asubuhi, gereji ya kuchomelea, shule ya jirani, msikiti. Adhana ina saa zake na zinajulikana, basi ziandikwe kwenye ratiba, wakati wa adhana badilisheni lenzi au setini taa, wanaoswali waende wakaswali, sio mnasimama na klapa (kile kibao cha kupiga kabla ya shoti) mkononi mnaangaliana. Gafa naye aangalie umeme: soketi ya ukutani ni ampia 13, kwa volti 230 ni kama wati 3000, taa mbili za zamani za wati 2000 hazikai kwenye soketi moja hata kidogo. Na mita ya Luku ina uniti ngapi, hilo ni swali la kuuliza siku ile ile ya ukaguzi.

Kol shiti. Hii ni karatasi moja ya kuwaita watu kazini, inatoka jioni kabla ya siku ya kushuti, na iwe PDF moja kwenye grupu la WhatsApp, sio vipande vya voisi noti. Ina lokesheni na pini ya ramani, sini zenyewe kwa mpangilio, nani anatakiwa saa ngapi, chakula saa ngapi, jua linachomoza na kuzama saa ngapi, hospitali ya karibu ipi. Muda wa kuitwa watu uhesabu kinyumenyume. Shoti ya kwanza ni saa 1:30 asubuhi, mwigizaji ana kidonda kinachotaka saa nzima ya mekapu, halafu nguo robo saa, halafu robo saa ya mazoezi, basi anatakiwa kitini saa 12 kamili. Mtu wa mekapu awe amefika saa 11:30 alfajiri apange vifaa, na anayefungua geti na kuwasha taa ya chumba cha mekapu kabla ya hapo. Ukiandika "wote saa 12" utakuwa na watu 20 wamekaa kwenye ngazi wanachezea simu mpaka saa mbili na nusu, na watu waliokaa hivyo asubuhi, mchana hawana moyo tena.

Sasa tuje kwenye seti yenyewe, hapa ndo penye kazi. Kila sini ina hatua tano na AD ndo anayetangaza mnatoka hatua ipi kwenda ipi.

Ya kwanza ni kupanga mwendo. Dairekta na waigizaji wanapita sini yote, anasimama wapi, anakaa lini, anatokea mlango upi. Hapa wakuu wa idara wote wawepo wanaangalia, kameramani, gafa, sauti, propsi, kontiniuti. Wengine wote nje. Mtu wa kamera anabandika tepu sakafuni mwigizaji anaposimama. Dakika kumi na tano hizi zinaokoa masaa, na ndizo za kwanza kukatwa tukichelewa, jambo ambalo mimi linaniuma kweli, kwa sababu gafa asipoona mwendo anawasha chumba kizima kwa kubahatisha, dairekta anakuja anasema "ah mi nilitaka akae dirishani", taa zote zinavunjwa upya.

Ya pili waigizaji wanaondoka kwenda mekapu na nguo, seti inabaki ya taa na kamera. AD hapa muulize gafa swali moja, "ngapi?", akuambie dakika 25 au 40, namba sio "sasa hivi". Ukishapata namba yako uisambaze: mekapu wajue wana dakika 25, mtu wa sauti afunge maiki za nguoni ndani ya hizo 25 pamoja na mtu wa mavazi, sio baada, propsi wajaze chai vikombe, asistenti dairekta wa pili aanze kuwapanga ekstra. Idara zinafanya kazi kwa pamoja zikijua muda mmoja. Na zikibaki dakika tano rudi kwa gafa umuulize tena, akisema kumi, kumi hizo zifike kwa kila mtu.

Ya tatu mazoezi na kamera, ya nne marekebisho madogo, kufuta jasho, kuhamisha bumu (maiki ya fimbo) lisitoe kivuli. Ya tano mnashuti.

Kwenye kushuti wito uwe uleule kila mara. AD: "Kimya, tunashuti." "Sauti?" mtu wa sauti anajibu "inaenda." "Kamera?" "Inaenda." Mwenye klapa anasoma sini na teki, anapiga, anatoka kwenye fremu, dairekta anasema akshen. "Kata" anasema dairekta peke yake, isipokuwa kuna hatari, hapo yeyote anakata. Baada ya kata usiache ukimya, uliza palepale: tunarudia au tunaendelea? Kama mnarudia ni kwa sababu gani, ya uigizaji au ya fokasi, na mhusika aambiwe kwa utulivu. Mwigizaji mkongwe hapigiwi kelele mbele ya ekstra, unamfuata, "mama, dairekta anaomba tena moja, safari hii polepole kidogo."

Kabla hamjaondoka chumba chochote mpe mtu wa sauti sekunde 30 za ukimya wa chumba arekodi, watu wote wakiwa bado ndani. Na kama mlizima friji ya mwenye nyumba, aliyezima aweke funguo zake za gari humo ndani, hawezi kuondoka akaisahau samaki wa watu wakaoza.

Jua letu halisubiri. Tuko karibu na ikweta linashuka wima, Dar mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12:45 jioni hivi, na ile mwanga wa dhahabu mnaoutaka ni mfupi. Sini ya machweo mfanye mazoezi saa 11 kamili, kamera iwe kwenye stendi saa 11 na nusu.

Chakula kisizidi masaa sita tangu watu waitwe. Mama ntilie aambiwe idadi jana yake, na kruu ndo waanze kula, ekstra wasiachwe wa mwisho mpaka nyama imeisha. Siku ikiisha watu wapumzike angalau masaa 10 kabla ya kurudi, madereva hasa.

Usalama ni wa AD pia. Februari 2014 huko Georgia, Marekani, Sarah Jones, asistenti wa kamera mwenye miaka 27, aligongwa na treni akafa wakishuti kwenye daraja la reli ambalo kampuni ya reli haikuwapa ruhusa, na dairekta na AD wote walipatikana na hatia mahakamani. Kwa hiyo sini ya bodaboda barabarani bila mtu wa kuzuia magari pande zote mbili, haishutiwi. Dairekta akikasirika akasirike.

Jioni kabla watu hawajapanda gari, kol shiti ya kesho imeshatumwa. Kadi za kamera na za sauti zinanakiliwa kwenye hadi diski mbili tofauti zinazolala nyumba mbili tofauti, na kadi haifutwi mpaka mtu amefungua klipu akazitazama. Ekstra wanalipwa palepale kwa majina yaliyoandikwa asubuhi. Vyumba mlivipiga picha mlipofika, basi fungueni hizo picha kwenye simu mrudishe kila kiti na kila pazia lilivyokuwa, halafu mwiteni mwenye nyumba apite chumba kwa chumba kabla jenereta haijazimwa.